Jiko la Mkaa Si Blanketi



Miezi ya kipupwe ikiingia na upepo wa kusi ukishika kasi, sisi watu wa pwani huanza kulalamika baridi. Ndugu zetu wa Makete na Lushoto hutucheka. Kwao baridi ni ile ya asubuhi nyasi zikiwa nyeupe kwa umande ulioganda. Huku kwetu Ruaruke, Bungu na Nyamisati, usiku wa Julai ukishuka hadi nyuzi 18 au 19 tayari tunatafuta shuka la pili. Hata hivyo baridi yetu ni ya kweli kwa mtoto mchanga, kwa mzee, kwa mgonjwa, na kwa mtu yeyote aliyelowa mvua akakosa nguo kavu.

Mtu mzima mwenye afya njema hawezi kufa kwa baridi ya Ruaruke. Kinachoweza kumwua ni njia anayoitumia kujipasha joto. Ndiyo sababu katika ukurasa huu wa afya nimeona niseme juu ya jiko la mkaa linaloingizwa chumbani usiku, mlango ukafungwa, watu wakalala. Maoni yangu ni haya: jiko la mkaa halina kazi yoyote katika chumba cha kulala, si kwa dakika kumi, si kwa mzazi, si kwa mgeni, si wakati wa mvua. Aidha, sisi tunaotoa mafunzo ya afya hatujamaliza kazi kwa kusema tu "msifanye hivi". Mtu anayetetemeka anataka kuambiwa afanye nini badala yake.

Umeme ukikatika

Wapo watakaosema kuwa siku hizi tuna umeme, mambo ya mkaa chumbani yamepitwa na wakati. Kweli, Bwawa la Julius Nyerere limejengwa juu ya mto huu huu wetu wa Rufiji. Lina mitambo 9 yenye uwezo wa megawati 2,115, na mtambo wa kwanza ulianza kuzalisha umeme Februari 2024. Ule mgao mkali uliotusumbua kuanzia mwishoni mwa 2023 hadi mapema 2024 ulipungua. Lakini kuzalisha umeme ni jambo moja na kuufikisha kijijini ni jambo jingine. Mti ukiangukia waya, nguzo ikilala kwenye tope, au transfoma ikipigwa na radi, kijiji kinarudi gizani hata kama bwawa limejaa.

Tena umeme wetu hukatika hasa wakati ule ambao tunauhitaji zaidi, yaani wakati wa mvua na upepo. Aprili 2024 maji ya Rufiji yalifurika, na familia nyingi za Rufiji na Kibiti zilipoteza nyumba na mashamba, wengine wakalazimika kulala kwenye mahema na kambi za muda. Kabla maji hayajakauka, tarehe 4 Mei 2024 Kimbunga Hidaya kikafika Mafia, na siku hizo hizo mvua zikaikata barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi pale Somanga. Hebu fikiri familia iliyopitia hayo: nguo zimelowa, godoro limelowa, umeme hakuna, watoto wanatetemeka. Kitu kikavu kilichobaki ni kiroba cha mkaa. Nani atamlaumu baba anayeliwasha jiko na kuliingiza ndani?

Simlaumu. Lakini nataka ajue anachokiingiza.

Hewa isiyoonekana

Mkaa unapoungua mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Hewa hii haina rangi, haina harufu, haiwashi macho wala haikoholeshi. Mtu anaweza kuivuta usiku kucha asijue.

Katika damu yetu zimo chembe nyekundu ambazo kazi yake ni kubeba oksijeni kutoka mapafuni na kuipeleka kwenye ubongo, moyo na viungo vingine. Kaboni monoksaidi ikiingia mapafuni huikamata ile sehemu ya damu inayobeba oksijeni kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe. Ni kama daladala iliyojazwa abiria wasiotaka kushuka: gari linatembea, lakini anayestahili kusafiri amebaki kituoni. Mapafu yanapumua, moyo unapiga, huku ubongo na moyo vikikosa oksijeni.

Kwanza mtu huumwa kichwa. Kisha huona kizunguzungu, kichefuchefu na kulegea miguu. Akiwa macho huenda akatoka nje. Akiwa amelala, usingizi unazidi kuwa mzito hadi haamki tena. Hata yule anayezinduka mara nyingi hujikuta hana nguvu ya kuufikia mlango ulio hatua tatu tu kutoka kitandani.

Yapo maneno ya mitaani ambayo yafaa tuyaondoe. Wengine husema mkaa ukishakolea na kuwa mwekundu hauna madhara kwa sababu hautoi moshi. Si kweli. Kutokuwa na moshi hakumaanishi kutokuwa na sumu, na makaa yaliyofunikwa majivu yanaendelea kuitoa hadi yazimike kabisa. Wengine huweka sufuria ya maji juu ya jiko, wakiamini maji "yatanyonya" hewa mbaya. Hayanyonyi. Wengine husema sumu hukaa chini, basi anayelala kitandani amesalimika. Hewa hii huchanganyika na hewa nyingine na kuenea chumba kizima, juu na chini. Katika nyumba za kupanga, ambamo ukuta wa chumba haufiki kwenye paa, huweza hata kuvuka kwenda kwa jirani ambaye hakuwasha jiko lolote.

Mbona bibi zetu walilala na moto?

Swali hili huulizwa kila mara, na ni swali la haki. Wazee wa Rufiji walilala na moto miaka na miaka. Kule mashambani, kwenye bonde la mafuriko, walijenga dungu, kile kibanda cha juu ya miti, wakalinda mpunga usiku huku moto ukiwaka. Kwa nini wao walisalimika?

Tutazame nyumba yenyewe. Nyumba ya miti na udongo iliyoezekwa makuti inapumua. Kati ya ukuta na paa pana uwazi, na makuti yenyewe yanapitisha hewa. Dungu ndiyo kabisa, limezungukwa na upepo. Halafu tutazame kilichowashwa. Wazee waliwasha kuni. Kuni zina moshi, na moshi ni kengele: ukizidi, macho yanauma, unakohoa, unatoka nje. Sisemi kwamba moshi ule ulikuwa mzuri. Uliharibu macho na mapafu ya akina mama, na watoto walipata nimonia kwa sababu yake. Lakini ulimwamsha mtu.

Sasa tazama nyumba tunazojenga leo. Tofali za saruji, bati, dari iliyozibwa vizuri, dirisha la kioo la kusukuma, mlango unaobana, na chini ya mlango tunaweka kitambaa ili mbu wasiingie. Humo ndani tunaweka mkaa, ambao hauna moshi wa kutuamsha. Tumebadilisha nyumba, tumebadilisha na kuni, lakini tumebaki na desturi ileile. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika jambo hili ni kinyume: ule ufa ndio uliokuwa ukiwaokoa wazee wetu, nasi tumeuziba.

Na hili si jambo la vijiji vyetu tu. Kila msimu wa baridi husikika habari za watu kukutwa wamekufa chumbani pamoja na jiko, hasa katika mikoa ya nyanda za juu. Nchi tajiri nazo zimelia. Mwandishi mashuhuri wa Ufaransa, Émile Zola, alikufa nyumbani kwake Paris mwaka 1902 kwa hewa hii hii, kwa kuwa bomba la moshi la chumba chake lilikuwa limeziba. Desemba 2006 upepo mkali ulikata umeme katika eneo la Seattle, Marekani, na wengi wa waliodhurika kwa kuwasha mkaa ndani walikuwa wahamiaji, watu waliozoea mkaa makwao katika nyumba zinazopumua. Februari 2021 umeme ulikatika Texas katika baridi kali, na zaidi ya watu 10 walikufa kwa hewa hiyo, wengine wakiwa wamewasha magari ndani ya gereji ili wapate joto. Basi ewe msomaji mwenye kijana masomoni au kazini Ulaya au Marekani, mkumbushe jambo hili kabla ya majira ya baridi kuanza.

Mzazi na siku zake 40

Sasa niseme juu ya chumba ninachokihofia kuliko vyote. Katika nyumba nyingi za pwani, Waislamu kwa Wakristo, mama aliyejifungua hukaa ndani siku 40. Hukandwa kwa maji ya moto, hunyweshwa uji wa pilipili manga, na hulindwa dhidi ya upepo. Desturi hii ina mema mengi: mama anapumzika, anatunzwa na mama yake au mama mkwe, na mtoto anapata muda wa kunyonya. Ni heshima kwa mzazi, wala sina nia ya kuibeza.

Lakini katika kumlinda na upepo, dirisha hufungwa mchana na usiku. Katika kumpa joto, jiko huwekwa karibu na kitanda. Hapo tumemweka mtoto wa siku tatu katika chumba kisicho na hewa pamoja na sumu. Mtoto mchanga anapumua haraka kuliko mtu mzima na mwili wake ni mdogo, hivyo sumu humpata mapema. Naye hawezi kusema kichwa kinamwuma. Atalegea tu na kuacha kunyonya, na bibi atasema, "Mtoto amelala vizuri leo."

Mjamzito naye yumo hatarini mara mbili. Sumu hii hupita kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto aliye tumboni, na damu ya mtoto huyo huishikilia kwa muda mrefu zaidi. Mama anaweza kupata nafuu akajiona mzima, kumbe mtoto bado yumo taabani. Kwa hiyo mjamzito aliyelala penye jiko akaamka na kichwa kinauma asisubiri nyumbani. Aende hospitali hata kama maumivu yamekwisha.

Je, mtoto mchanga hahitaji joto? Anahitaji, tena sana. Ametoka katika tumbo lenye joto la nyuzi 37, na mwili wake unapaswa kubaki kati ya nyuzi 36.5 na 37.5. Akishuka chini ya hapo anatumia nguvu zake kupigana na baridi badala ya kukua. Lakini joto bora kwake halitoki kwenye jiko. Linatoka kwenye kifua cha mama yake.

Mwaka 1978 madaktari wa Bogotá, Kolombia, walipokosa mashine za joto za kutosha kwa watoto waliozaliwa kabla ya wakati, waliwaweka watoto hao kifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi, kama kangaruu anavyombeba mwanawe. Njia ile ya hospitali iliyopungukiwa vifaa imekuja kuthibitishwa na sayansi. Utafiti uliotangazwa mwaka 2021, uliofanyika katika hospitali za Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa kwetu Dar es Salaam, ulifuatilia watoto 3,211 waliozaliwa na uzito wa kati ya kilo 1 na kilo 1.8 hivi. Waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa walikufa 12 kati ya 100. Wale waliosubiri hadi hali zao zitulie kwanza walikufa karibu 16 kati ya 100. Kifua cha mama hakihitaji umeme wala mkaa. Mama akichoka, baba au bibi aweza kuupokea mzigo huo mtamu.

Malaria au sumu?

Rufiji ni nchi ya malaria, na kila anayeumwa kichwa na kutapika tunamfikiria malaria kwanza. Ni sawa kufikiri hivyo, lakini sumu ya mkaa huleta dalili zinazofanana mno: kichwa, kizunguzungu, kutapika, mwili kulegea. Mgonjwa hupewa dawa za malaria, hurudi katika chumba kile kile, na jioni jiko linawashwa tena.

Zipo alama za kututahadharisha. Ya kwanza, watu kadhaa wa nyumba moja wanaamka asubuhi moja wote wakiumwa kichwa. Ya pili, maumivu hupungua mtu akikaa nje na hurudi akiingia ndani. Ya tatu, hakuna homa, na kipimo cha malaria hakionyeshi kitu. Ya nne, kuku au paka aliyelala ndani naye amelegea au amekufa. Ukiona mambo hayo, mweleze mganga wa zahanati wazi wazi: "Tulilala na jiko." Usione haya. Neno hilo moja laweza kuokoa nyumba nzima.

Kwa wahudumu wa afya nakumbusha jambo moja. Kile kifaa kidogo cha kubana kidoleni ili kupima oksijeni hudanganywa na sumu hii. Kinaweza kuonyesha 98 au 99 wakati mgonjwa yumo hatarini. Tumwamini mgonjwa na maelezo yake.

Na familia ikikutwa imekufa kitandani bila jeraha, tusikimbilie kusema wamerogwa. Maneno hayo huacha uhasama wa vizazi kati ya majirani, na jiko lililofanya kazi hiyo hupewa mrithi aendelee kulitumia.

Tufanye nini basi?

Yafuatayo yanawezekana katika nyumba ya kawaida ya Ruaruke bila gharama kubwa.

Kwanza, pika mapema kabla ya giza, na upikie nje, upenuni au katika banda la jiko. Ikiwa mvua na upepo vinakulazimisha kupika ndani, fungua mlango na madirisha yote, watoto na mjamzito wakae chumba kingine chenye hewa. Ukimaliza, toa jiko nje kabla ya mtu yeyote kulala, na mkaa uzimwe kwa maji au mchanga. Kuliacha ndani likiwa na majivu ya moto ni sawa na kuliacha likiwaka.

Pili, tunza joto la chakula. Chemsha maji uyajaze katika chupa ya chai kwa ajili ya usiku. Sufuria ya wali au maharage ikifungwa kwa blanketi au kuwekwa ndani ya kikapu kilichojazwa vitambaa itabaki na moto kwa saa nyingi. Chai ya tangawizi au uji kabla ya kulala hupasha mwili.

Tatu, zuia baridi itokayo chini. Wengi hujifunika mashuka matatu juu na kulala juu ya sakafu tupu ya saruji. Sakafu hunyonya joto la mwili. Tandika mikeka miwili, magunia makavu au maboksi chini ya godoro, ndipo uanze kufikiria cha kujifunika.

Nne, vaa nguo kavu. Nguo yenye unyevu inapoza mwili haraka kuliko kukosa shuka. Kila nyumba iwe na mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri wenye kanga mbili, fulana, soksi na kofia ya mtoto, visitumike ila siku ya shida. Nguo nyepesi mbili au tatu zilizopandana zina joto kuliko moja nzito. Funika kichwa na miguu.

Tano, laleni pamoja. Usiku wa baridi watoto walale chumba kimoja na wakubwa. Mtoto mchanga akae kifuani kwa mama aliye macho, uso wake ukiwa wazi. Mama akisinzia, alazwe chali pembeni yake, amevikwa kofia na soksi, asifunikwe uso. Akishazaliwa akaushwe mara moja, na asiogeshwe kabla ya saa 24 kupita.

Sita, maji ya moto katika chupa iliyofungwa vizuri na kuzungushiwa kanga yaweza kupasha kitanda. Iondoe kabla ya kumlaza mtoto, maana ngozi yake huungua upesi.

Saba, mkumbuke mwenye selimundu. Baridi na upungufu wa maji mwilini vyaweza kumwanzishia maumivu makali. Apewe nguo za joto, anywe maji ya kutosha, na asilowe mvua.

Nane, mwenye jenereta aliweke nje, mbali na madirisha na milango. Barazani si nje. Moshi wake una sumu ile ile ya mkaa. Jiko la gesi nalo lisitumike kupashia chumba joto. Koroboi na mshumaa visiwekwe karibu na chandarua wala makuti. Taa ndogo ya nguvu za jua ni salama zaidi.

Tisa, chetezo cha ubani kifukizwe mlango ukiwa wazi, kisha kitolewe nje.

Ukimkuta mtu amezidiwa

Vuta pumzi ukiwa nje, ingia haraka, fungua mlango na madirisha, mtoe mtu nje. Usianze kushughulika na jiko wakati watu bado wamo ndani, na usikae humo ukiita jina lake. Waokoaji wengi wameanguka hivyo. Nje mlegezee nguo, mlaze kwa ubavu ili asipaliwe na matapishi. Kama hapumui, na yupo anayejua kumpulizia pumzi, aanze mara moja. Usimnyweshe maziwa wala dafu mtu asiye na fahamu, vitaingia mapafuni. Usimmwagie maji baridi.

Kisha apelekwe penye oksijeni, hata kama amezinduka. Akivuta hewa ya kawaida, sumu hupungua hadi nusu baada ya saa 4 hadi 6 hivi. Akipewa oksijeni ya hospitali, hupungua hadi nusu kwa muda wa saa moja hadi saa moja na nusu. Saa hizo ndizo zinazookoa ubongo. Huku kwetu ambako safari ya hospitali huanzia kwenye mtumbwi au bodaboda, jirani mwenye chombo ajulikane mapema.

Kazi hii si ya mama peke yake

Mafunzo mengi ya afya humwelekea mama, kana kwamba yeye ndiye aliyejenga nyumba na kununua mkaa. Mimi naona mzigo huu tuugawane.

Fundi ujenzi aache matundu ya hewa juu ya kila dirisha, nayo yawekwe wavu wa mbu badala ya kuzibwa kwa saruji. Mwenye nyumba ya kupanga awape wapangaji mahali pa kupikia penye paa. Asiyefanya hivyo ndiye anayewalazimisha kupikia vyumbani. Zahanati na wakunga wamwambie kila mjamzito habari za jiko kabla hajajifungua, na wamwambie mbele ya mama mkwe, kwa kuwa mara nyingi yeye ndiye mwenye amri katika zile siku 40. Wanaosimamia kambi za waathirika wa mafuriko wagawe mikeka na blanketi siku ya kwanza, kabla watu hawajaingiza mkaa kwenye hema. Shirika la umeme nalo, linapokata kwa matengenezo, litangaze mapema hadi vijijini ili watu wapike na kuchemsha maji mchana.

Serikali ilizindua mwaka 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo la kufikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Ni lengo jema. Lakini huku Kibiti, kunakotoka magunia ya mkaa yanayopelekwa Dar es Salaam, mkaa ndicho kitu kilicho karibu na mkono kuliko mtungi wa gesi. Hadi siku hiyo ifike, tutaendelea kuishi na jiko. Basi tuishi nalo mahali pake, nje.

Jumuiya zetu ndogo ndogo zinakutana kila wiki. Naomba katika kikao kimoja cha Juni, kabla ya baridi kushika, kila familia iulizwe maswali mawili tu: jiko lenu linalala wapi, na mzazi wenu anapashwa joto kwa nini? Jirani asiye wa jumuiya, awe wa dini yoyote, aulizwe vile vile, maana hewa hii haibagui. Mahali ambapo jibu ni "chumbani", asitokee mtu wa kumcheka aliyejibu. Apelekewe mkeka na blanketi.